Slati ya Kushoto

Kikosini walimwita Kidole, na jina hilo hakupewa kwa ubaya. Kila asubuhi, kabla ndege haijaguswa na mtu mwingine, yeye alikuwa ameshafika kwenye ukingo wa mbele wa bawa, mikono ya ovaroli imekunjwa hadi kwenye viwiko, anaisukuma slati kwa kidole kimoja cha shahada.

Slati ni kipande kirefu, chembamba, cha aluminiamu, kinachokaa kwenye mdomo wa bawa la ndege ya kivita. Kwenye ndege zile za zamani haikuwa na mota wala swichi. Ilikaa juu ya rola na kufanya mambo yake yenyewe. Ndege ikienda mbio, upepo unaibana ndani. Ndege ikipunguza mwendo, au rubani akivuta pua juu kwa nguvu, slati inachomoka, bawa linapata pumzi, na rubani anabaki hewani. Kidole alikuwa na kipimo chake ambacho hakikuandikwa kwenye kitabu chochote. Slati nzima inarudi ndani kwa kidole kimoja, na ukiiachia inateleza nje bila kubembelezwa. Ikidai vidole viwili, inasafishwa. Ikidai kiganja, ndege hairuki.

"Ndege hairuki" aliyasema mara nyingi na mara nyingi alisikilizwa. Mara moja hakusikilizwa. Au tuseme ukweli wenyewe: mara moja hakuyasema kwa sauti ya kutosha.

Hayo yalikuwa yamepita miaka ishirini na minane. Sasa Kidole alikuwa mstaafu wa miaka sitini na miwili, mjane, na fundi wa vyerehani. Alikuwa na chumba kimoja kinachotazama barabara, meza ndefu, taa ya kuinamisha, na makopo ya maziwa yaliyojaa skrubu. Washonaji walimpenda kwa sababu hakuwa na maneno mengi na cherehani alichokitengeneza hakirudi tena na ubovu ule ule. Mtu akimuuliza kuhusu jeshini, alijibu, "Nilikuwa nafuta vumbi," akaendelea na kazi yake.

Mtu mmoja tu ndiye ambaye Kidole hakuweza kumfunga mdomo kwa jibu hilo, naye alikuwa mpwa wake, binti wa pekee wa dada yake. Baba wa binti huyu alikuwa rubani. Alianguka na ndege binti akiwa na miaka mitatu, na katika ripoti ya tume ya uchunguzi kifo chake kilifungwa kwa maneno matatu: kosa la rubani. Binti alikua na maneno hayo kama wengine wanavyokua na kovu la ndui. Shuleni walimtania. Ukubwani alisomea kompyuta, na huko akakutana na watu wanaotengeneza simuleta, ile michezo ambayo mtu anakaa chumbani kwake, anashika fimbo, na anarusha ndege kwenye skrini kana kwamba yuko juu mawinguni. Wenzake wawili walikuwa nchi nyingine. Waligawana kazi. Yeye alichagua ndege ya baba yake.

Siku ya kwanza aliingia karakana saa nne asubuhi, kompyuta ya mkononi kwapani, akasogeza cherehani pembeni bila kuomba ruhusa.

"Mjomba, shikamoo. Nataka unitukane."

"Marahaba. Umefanya nini tena?"

"Nimetengeneza slati. Zitazame, halafu unitukane vizuri, maana kila rubani mstaafu niliyemwonyesha ananiambia safi, safi, na mimi najua siyo safi."

Kidole alivaa miwani. Kwenye skrini ndege ilikuwa ile ile, mpaka mkwaruzo wa rangi chini ya kidirisha. Mpwa wake akavuta fimbo, ndege ikainua pua, na slati zote mbili zikatoka kwa pamoja, taratibu, laini, bila sauti.

Mzee aliangua kicheko. Alicheka mpaka akatoa miwani na kufuta macho.

"Hii ni droo ya kabati, mama. Umenitengenezea kabati la nguo linaloruka!"

"Sema basi, zinatokaje?"

Akamwambia. Alidhani angesema dakika mbili, akasema mpaka adhana ya mchana ikapita na chai ikapoa. Kwanza, slati haziamriwi na namba. Mpwa wake alikuwa ameandika kwamba pua ikifika nyuzi fulani, zinatoka. Zile hazijui nyuzi. Zinajua upepo, uzito wao zenyewe, na grisi. Pili, ndege ikiwa imeegeshwa zinaning'inia nje, na kwenye njia ya kurukia zinaingia zenyewe ndege ikishika kasi. Tatu, zikitoka zinagonga, na hazigongi pamoja. Husikii "ko" moja, unasikia "ko-ko," na baina ya hizo mbili rubani anaona bawa linayumba kidogo, anaisikia kwenye makalio kabla hajaisikia masikioni.

"Na ndege ikienda ubavu?" binti aliuliza huku anaandika mbio.

"Ikienda ubavu moja inatangulia. Kwa hiyo inakuvuta, unairudisha, inakuvuta tena. Marubani wageni walikuwa wanatukana mafundi, wanadhani tumekaza moja na kulegeza nyingine. Ndivyo zilivyozaliwa."

Wiki zile zilikuwa za furaha, tena furaha ya ajabu, kwa sababu Kidole alikuwa anajua inaelekea wapi na hata hivyo aliingoja kila asubuhi. Alikata bati, akachonga bawa la mbao la urefu wa mkono, akafunga rola ndogo za cherehani, akamwekea mpwa wake feni mbele. Waliinamisha lile bawa mbele ya feni, na kipande cha bati kikachomoka chenyewe, "ko," na wote wawili wakapiga kelele kama watoto. Mshonaji wa jirani alichungulia mlangoni akauliza kama mzee amepata kichaa. "Bado," alijibu binti, "lakini tuko njiani."

Binti aliyaingiza yote kwenye kompyuta. Akawapa watu wachache wajaribu. Baadhi walifurahi, wengi wakalalamika. Ndege inayumba, waliandika. Ndege ina kasoro. Iliyopita ilikuwa tamu zaidi. Mmoja wa wenzake wawili akashauri warudishe zile laini. Binti akakataa katakata. "Baba yangu hakurusha kabati," alimjibu.

Alivyomsimulia mjomba wake jibu lile, alicheka. Mjomba hakucheka. Aliinama akatafuta skrubu ambayo haikuwa imedondoka.

Siku ya mambo ilikuwa Jumanne. Binti alikuja bila salamu ndefu, akakaa kwenye stuli, akafungua kompyuta, akachomoa na karatasi kutoka kwenye bahasha. Kidole aliitambua karatasi ile kabla haijakunjuliwa. Ilikuwa nakala ya ripoti.

"Mjomba, nimeweka namba za siku ile. Mwendo wake, kimo, mafuta yaliyobaki, kona aliyokata. Zote zimo humu kwenye ripoti. Nimeirusha mara arobaini."

"Ehe."

"Mara arobaini ndege inatetemeka, inalalamika, halafu inamaliza kona na kwenda zake. Nimeivuta zaidi ya alivyovuta baba. Inamaliza." Akageuza skrini imwelekee mzee. "Jana nikasema ngoja nijaribu hitilafu. Nikakwamisha slati moja. Ya kulia nikaikwamisha, ndege ikaangukia kulia, nje, kwenye uwanja mtupu. Nikakwamisha ya kushoto."

Akabonyeza. Kidole aliiona ndege inalala kwenye kona, juu ya safu ya mapaa, akasikia "ko" moja tu kutoka kwenye kipaza sauti kidogo cha kompyuta. Bawa la kushoto likaporomoka kana kwamba limekatwa, ndege ikajipindua mgongo, ikaingia nyuma ya nyumba ya mwisho, pale pale ilipoanguka siku ile.

Nje pikipiki ilipita. Mtu alikuwa anauliza bei ya uzi.

"Mjomba," binti alisema, polepole, kama anayemuuliza mgonjwa. "Asubuhi ile, ya kushoto ilikuwa inatoka?"

Kwa miaka ishirini na minane Kidole alikuwa amejiandalia majibu ya swali hilo, marefu kwa mafupi. Yote yalimkimbia.

"Ilikuwa inadai kiganja," alisema.

Akamweleza. Slati ya kushoto ilikuwa inakwama katikati ya safari yake. Aliifungua, akaisafisha kwa mafuta ya taa, akaona reli ya ndani, ile rola zinamopita, imepinda kidogo, kiasi cha unene wa ukucha. Labda iligongwa na ngazi. Alimfuata sajini wa zamu. Reli nyingine haikuwepo stoo. Siku hiyo wageni wakubwa walikuwa wanakuja, ndege nne zilitakiwa zipite juu kwa mstari, na zinazoweza kuruka zilikuwa nne tu. Sajini akauliza, inatoka au haitoki? Akajibu, inatoka, lakini kwa kusukumwa. "Basi upepo utaisukuma," sajini akasema, akampa kitabu cha ndege na kalamu.

"Ukasaini."

"Nikasaini."

"Na baba?"

Mzee akaendelea kueleza. Shemeji yake alikuja anatembea kwa madaha, kofia mkononi, mtu wa mizaha asubuhi na jioni. Alimpiga begani akamwuliza, "Shemeji, umenipikia vizuri leo? Iko sawa?" Sajini alikuwa amesimama hatua tatu kutoka hapo. Lilihitajika neno moja tu. Shemeji yake angemsikiliza yeye kuliko majenerali wote wa dunia.

"Nikamwambia iko sawa."

Binti hakulia. Alifunga kompyuta, akaikunja ile ripoti kwa mikunjo yake ya zamani, akairudisha ndani ya bahasha. Bahasha ikamkatalia mara mbili.

"Na mbele ya tume?"

"Waliniuliza kama slati zilikuwa nzima. Nilisema nzima. Nilikuwa na mke mja mzito, nyumba ya jeshi, sajini amenishika bega... Si sababu. Nakwambia tu ilivyokuwa."

"Mama anajua?"

"Hapana."

"Utamwambia wewe. Mimi sitakusaidia kwa hilo." Akainuka. Alipofika mlangoni alisimama, mgongo umemwelekea. "Ulinifundisha kila kitu," alisema. "Ungeweza kunidanganya kwenye ile slati, nisingejua kamwe. Kwa nini ulinifundisha vizuri hivyo?"

Binti hakungoja jibu.

Siku ya pili alasiri, mzee alivaa shati safi akaenda kwa dada yake. Dada huyu ndiye aliyemlea walipofiwa na mama yao. Ndiye aliyempeleka shule ya ufundi akimshika mkono, naye Kidole ndiye aliyemkutanisha na shemeji, maana siku ya kwanza rubani alimfuata Kidole nyumbani kuazima spana, akasahau kuondoka. Dada alikuwa muuguzi, sasa amestaafu, anaishi nyumba ndogo yenye ua wa saruji na kamba nne za nguo. Alimkuta anaanua mashuka.

"Karibu, mdogo wangu. Usikae, shika upande huo kwanza."

Akashika. Wakalinyoosha shuka, wakalikung'uta, wakasogeleana na kukutanisha pembe, kama walivyofanya tangu utotoni. Kwenye shuka la tatu akaanza kusema. Hakuweza kukaa kitako na kulisema akimtazama usoni. Ilimbidi mikono iwe na kazi. Alisema yote, reli, sajini, kalamu, "iko sawa." Alipomaliza, walikuwa wamesimama na shuka limetanuka baina yao, kila mmoja ameshika pembe mbili, na hakuna aliyesogea.

Dada yake aliukaza upande wake wa shuka. Kisha akauliza kitu ambacho Kidole hakukitarajia.

"Kona ile. Juu ya nyumba zetu. Aliikata kwa sababu gani?"

"Ripoti ilisema alikuwa anajionyesha. Alitoka kwenye mstari."

"Najua ripoti ilisema nini. Nakuuliza wewe. Ile kona, ndege ilikuwa inaiweza?"

"Ilikuwa inaiweza, dada. Kwa slati mbili nzima, ilikuwa inaiweza hata akiwa amefumba macho."

Shuka likalegea upande wake. Alikaa chini, pale pale kwenye saruji, miguu imenyooka mbele kama mtoto.

"Mimi nilimwambia," alisema. "Asubuhi ile, mlangoni. Nilimtania. Nikasema wenzako wote wakiruka wanapita kuwasalimu wake zao, wewe unapita mbali kama mgeni. Akacheka. Akasema, leo utanisikia." Alimtazama mdogo wake, na macho yake hayakuwa na machozi hata kidogo. "Nilitoka nje nimembeba mtoto. Nilikuwa nampungia mkono, mdogo wangu. Nilikuwa napunga."

Kidole alipiga magoti. Alitaka kumshika, akaogopa.

"Miaka ishirini na minane najua mimi ndiye niliyemuua mume wangu kwa mzaha wa mlangoni. Watu waliniposa nikakataa, mkadhani ni mapenzi. Nilikuwa najiambia mtu kama mimi haolewi mara ya pili. Mtoto aliponiuliza baba alikufaje, nilimwambia soma ripoti, kwa sababu nikifungua mdomo nitajitaja." Alivuta pumzi. "Na wewe ulikuwa unakuja hapa kila Jumapili. Unakunywa chai yangu. Ulikuwa na neno moja la kuniondolea mzigo huu, ukalikalia."

"Sikujua, dada. Wallahi sikujua kwamba ulikuwa unajilaumu."

"Ungejuaje? Hukuniuliza. Uliogopa nami nisije nikakuuliza."

Lilikuwa kweli. Miaka yote ile walikaa meza moja, kila mtu amemficha mwenzake jambo lile lile, kila mtu anamwonea mwenzake huruma.

"Alipata muda wa kujua?" dada aliuliza baadaye.

"Sekunde mbili. Labda tatu."

"Basi alijua." Akainuka kwa kujishika ukutani, akaliokota shuka, akalikunja peke yake, vibaya, pembe hazikukutana. "Nenda nyumbani. Sikutukani. Nenda tu."

Kidole aliandika maelezo yake kwa mkono, kurasa nne, akayapeleka makao makuu ya jeshi la anga. Karani kijana wa dirishani aliusoma ukurasa wa kwanza, akamtazama mzee, akasoma tena. Akagonga muhuri wa kupokelewa. Baada ya miezi mitatu jibu likaja: jalada la ajali hiyo lilifungwa, sajini aliyetajwa ni marehemu, mabaki ya ndege hayapo, na kwa hiyo hakuna msingi wa kulifungua upya. Walimshukuru kwa utumishi wake. Alitoa nakala mbili, ya maelezo na ya jibu, akamtumia dada yake kwa mkono wa mshonaji wa jirani. Hazikurudi, na wala hazikujibiwa.

Ndege ya binti ilitoka kwa watu wote mwezi uliofuata. Wengi waliichukia wiki ya kwanza, kisha wakaanza kuizoea, wakaanza kusifu jinsi inavyoyumba. Mtu mmoja aliandika kwamba hajawahi kuona slati zenye roho namna ile, akauliza waliyapata wapi maarifa hayo. Binti alijibu kwa mstari mmoja: kutoka kwa fundi aliyezihudumia. Jina hakutaja. Alimpigia mzee mara mojamoja, kwa mambo ya kazi tu, jinsi ya kuandika sauti ya rola kavu, au slati inachelewa kiasi gani mvua ikinyesha. Alikuwa na adabu zake zote. Alimwamkia, akamshukuru, akamwita "mzee." Neno "mjomba" hakulitumia tena, na Kidole hakuthubutu kumuuliza.

Kidole alimwona dada yake mara moja tu baada ya hapo, kwenye kliniki ya macho, asubuhi, foleni imejaa hadi korido. Hakutegemea kumkuta pale. Alitaka kugeuka, lakini alikuwa ameshachukua namba ya foleni, na nafasi tupu kwenye benchi ilikuwa moja, kando ya dada. Dada alimwona. Akausogeza mkoba wake, akampisha akae.

Walikaa hivyo karibu saa nzima, mabega yanagusana kwa sababu ya wingi wa watu. Kidole alimsikia anavyopumua, akaisikia ile sabuni aliyotumia tangu wakiwa wadogo. Muuguzi akaita jina la dada. Dada akainuka, akasita, akampa mdogo wake mkoba amshikie, akaingia ndani.

Aliukumbatia mkoba ule kwa mikono miwili. Alipotoka, matone ya dawa yakiwa yanamtiririka mashavuni, dada aliunyooshea mkono, akaupokea.

"Ahsante," alisema, kama unavyomwambia mtu yeyote kwenye foleni, akaifuata korido huku anapapasa ukuta kwa vidole, kwa kuwa dawa ilikuwa imemfifisha macho. Kidole aliinuka kumshika mkono. Alikuwa ameshapiga hatua mbili aliposikia namba yake inaitwa, na mlangoni binti tayari alikuwa amempokea mama yake.